Wasomaji Wanauliza: Bomba la Kiwanda cha Nguo na Mto Wetu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu majitaka ya viwanda vya nguo. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya viwanda vilivyotajwa kwa kuwa hatujavikagua.

*Nyuma ya nyumba zetu kuna mkondo unaoingia Mto Msimbazi. Siku nyingine maji ni ya bluu, siku nyingine mekundu. Tulipiga picha tukampelekea mwenyekiti wa mtaa, akatujibu kwamba rangi si sumu. Ni kweli?*
*Mkazi wa Ubungo, Dar es Salaam*

Mwenyekiti wenu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Indigo, rangi ya jinzi, kiasi kidogo tu kinatosha kuupaka mfereji mzima, lakini si yenyewe inayoua samaki. Vinavyoua ni vile visivyoonekana: kostiki soda na magadi vinavyopandisha pH ya maji (kipimo cha asidi na ukali wa magadi, 7 ikiwa katikati) hadi 11 au 12, chumvi, sabuni za viwandani, na uchafu unaonyang'anya maji oksijeni. Tena viko viwanda vinavyomwaga klorini kwenye majitaka ili kuyapausha. Yanatoka meupe, picha haina cha kuonyesha, na klorini imekwisha kuungana na mabaki ya rangi kutengeneza kemikali mbaya kuliko zilizokuwepo. Mkienda na hoja ya rangi peke yake, siku maji yakitakata mmeishiwa hoja.

Fuateni chumvi. Rangi za reaktivu zinazotumika kwenye pamba hazishiki bila chumvi. Kwa rangi iliyokoza mafundi huweka gramu 50 hadi 80 kwa kila lita. Kilo 1,000 za kitambaa kwenye mashine inayotumia lita 8 kwa kilo ni lita 8,000. Kwa gramu 60 kwa lita, hiyo ni chumvi kilo 480. Kitambaa hakiitaki, kwa hiyo karibu yote hutoka na maji, na mtambo wa kawaida wa kusafisha majitaka kwa bakteria hauiondoi. Ndiyo maana kidude kidogo cha mfukoni kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa mikrosimensi kwa sentimita (µS/cm), kina faida kwenu kuliko kamera. Ongezeni na kipima pH. Kila siku ya kazi anzeni kwa kuvipima vyenyewe: kile cha umeme kwa maji maalumu ya 1,413 µS/cm, cha pH kwa maji ya 4, 7 na 10. Kipima pH kilichokaukia kwenye droo kwa wiki mbili husoma chochote kinachotaka.

Pimeni sehemu tatu: juu ya bomba, mdomoni mwa bomba, na chini yake mahali maji yamekwisha changanyika. Fanyeni hivyo kwa wiki nne, saa zilezile, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwenye daftari andikeni saa, vipimo vya sehemu zote tatu, joto la maji, mvua ilinyesha lini, harufu, na kama povu linakaa au linapasuka upesi. Mkiona namba za chini ya bomba zinaruka usiku wa manane na kushuka mchana ofisi zikiwa wazi, hapo mmepata kitu ambacho picha moja haiwezi kukisema.

Tahadhari moja ya Dar es Salaam: karibu na Jangwani na Daraja la Salender bahari hupanda mtoni wakati wa maji kujaa. Kipimo kitasoma chumvi nyingi sana na kiwanda hakina hatia. Pimeni juu zaidi, mahali bahari haifiki.

*Kikundi chetu kilichota maji kwenye chupa za soda, tukapeleka maabara. Majibu yalikuwa mabaya, lakini ofisi ya mazingira ya kaunti ilisema haiwezi kuyatumia. Tulikosea wapi?*
*Kikundi cha vijana, Thika*

Chupa ya soda ndiyo iliyowamaliza. Ina mabaki ya sukari, na sukari hupandisha COD na BOD, yaani vipimo vya uchafu unaokula oksijeni ya maji. Mwenye kiwanda hahitaji hata wakili kuyabomoa majibu hayo.

Waombeni maabara chupa zao wenyewe, na ziwe tofauti kwa kila kipimo. Metali huchukuliwa kwa chupa ya plastiki iliyotiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. COD huhifadhiwa kwa asidi ya salfuriki, nayo chini ya 2. BOD haitiwi asidi kabisa. Huwekwa kwenye barafu, karibu nyuzi 4, na ifike maabara ndani ya saa 24, kwa hiyo msichote Ijumaa jioni. Kemikali kama nonilfenoli, inayotokana na sabuni za viwandani, huhitaji chupa ya kioo cha kahawia. Chupa ambayo haina dawa isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya mto. Yenye dawa msiisuuze, mtamwaga asidi.

Simama ukitazama maji yanakotoka, ili tope unalotibua kwa miguu liende nyuma yako. Zamisha chupa kiasi cha sentimita 20 chini ya uso wa maji, usikwangue sakafu. Anza juu ya bomba, mahali pasafi, umalizie kwenye bomba lenyewe. Sehemu moja ichotwe mara mbili, na chupa moja ijazwe maji safi kabisa ya maabara hapohapo mtoni. Ikirudi na uchafu, tatizo liko kwenye chupa au mikono yenu. Vaeni glavu za nitraili na miwani. Maji yenye pH 12 hayaunguzi kama asidi, yanateleza kama sabuni, na mtu hujua baadaye kwamba ngozi imekwisha liwa. Msifunue chemba ya majitaka na kuinamia. Gesi ya humo imeua mafundi wenye uzoefu.

Kisha ipo karatasi. Kila chupa iwe na namba, mahali kwa GPS, tarehe, saa, aliyechota, na sahihi ya kila mtu aliyeishika hadi ikapokelewa maabara. Chupa iliyolala nyumbani kwa mwanachama mmoja bila sahihi haina thamani. Na msivuke uzio. Bomba likitokea ndani ya kiwanja chao, choteni pale linapogusa mto.

Hata mkifanya yote hayo, sampuli inayofungua kesi ya jinai kwa kawaida ni ile ya mkaguzi wa serikali, iliyopimwa kwenye maabara inayotambuliwa. Sampuli yenu kazi yake ni kumleta mkaguzi huyo siku na saa inayofaa. Kwa hiyo mwambieni: "Njoo Jumanne baada ya saa 5 usiku, tumeona hali hii kwa wiki nne mfululizo," na daftari mkononi. Barua ya "njoo uone mto wetu" huleta mkaguzi saa 4 asubuhi baada ya kiwanda kuarifiwa.

*Kiwanda kimetuonyesha majibu ya maabara, COD imepita. Samaki bado wanakufa. Nani anadanganya?*
*Msomaji, Morogoro*

Huenda hakuna anayedanganya. Kanuni za Tanzania za 2007 huruhusu COD hadi miligramu 60 kwa lita na BOD 30. Za Kenya za 2006 ziliweka COD 50 na BOD 30. Namba hizo ni za ukolezi, yaani uchafu kwa kila lita, na ukolezi hushushwa kwa maji ya kisima.

Piga hesabu. Kiwanda kinatoa mita za ujazo 500 kwa siku zenye COD 400. Hizo ni kilo 200 za uchafu. Wakichanganya na mita 3,000 za maji safi kabla ya bomba, ukolezi unashuka hadi takriban 57 na karatasi inasoma "imepita". Kilo ni zilezile 200. Basi ulizeni maswali mawili: bomba linatoa mita ngapi kwa siku, na kiwanda kinanunua au kuvuta maji kiasi gani. Maji yanayotoka yakizidi yanayohitajika kutia rangi, mmepata jibu. Kitambaa cha pamba hutumia takriban lita 100 kwa kilo, zaidi au pungufu kulingana na mashine.

Ulizeni pia sampuli ilichotwa saa ngapi. Vipuliza hewa vya matangi ya bakteria hula umeme kuliko kitu kingine chochote katika mtambo huo, na ndivyo vinavyozimwa kwanza bili ikipanda. Bakteria hawafi papo hapo. Kwa siku moja au mbili maji hutoka karibu yaleyale, ndipo mambo yanapoharibika. Kingine ni tangi la kusawazisha, yaani la kuchanganya majitaka kabla hayajafika kwa bakteria, kuwa dogo: kundi moja la kupausha likiingia na pH 12 bila kupunguzwa, bakteria wote wanakufa, na kuwaotesha upya ni kazi ya wiki kadhaa. Wakati huo wote maji yanapita bomba la pembeni, lisilopitia mtambo.

Na kuna lile ambalo COD haiwezi kuonyesha kabisa. Sabuni za viwandani za jamii ya nonilfenoli etoksileti, NPE, zikiingia kwenye mtambo wa bakteria humeng'enywa nusu na kuwa nonilfenoli, ambayo inavuruga homoni za samaki na hukaa kwenye tope la mto. Kwa maneno mengine, mtambo mzuri unaofanya kazi vizuri huitoa sumu hiyo badala ya kuizuia. Dawa iko dukani tu: kiwanda kinunue sabuni ya etoksileti za alkoholi, ambayo inaoza vizuri. Mnaotaka kuipima, pimeni tope la chini ya bomba, si maji.

*Kwa nini wanaharakati hupigia kelele kampuni za viatu na nguo za Ulaya na Marekani badala ya kiwanda chenye bomba? Hiyo si kukwepa mwenye kosa?*
*Mwanafunzi, Muscat*

Swali zuri, na jibu lake liko katika kampeni ya Detox ya shirika la mazingira la Greenpeace. Julai 2011 walitoa ripoti kuhusu viwanda viwili vya China, kimoja Ningbo kwenye delta ya Yangtze na kingine Zhongshan kwenye delta ya Mto Pearl. Majitaka ya vyote viwili yalikutwa na alkilfenoli, nonilfenoli ikiwemo. Chapa kubwa zilizohusishwa na makampuni hayo, baadhi yao, zilijibu haraka: sisi pale tunashonesha tu, hatutii rangi. Kwa kiwanda kikubwa chenye idara zote, jibu hilo ni gumu kulivunja.

Agosti wakaja na ripoti ya pili. Safari hii waliacha bomba wakanunua nguo madukani, 78 kwa jumla, wakazipeleka maabara. 52 zilikuwa na NPE. Sasa "tunashonesha tu" haikusaidia kitu, maana kemikali ilikuwa ndani ya nguo yenye nembo yao, na kama imo ndani ya nguo iliyokwisha suuzwa, sehemu kubwa zaidi ilikwenda na maji huko ilikosuuzwa. Puma ilikuwa ya kwanza kuahidi, mwezi uleule wa Julai, kabla hata ya ripoti hiyo ya pili. Nike na Adidas zikafuata Agosti. Ahadi zilikuwa za kuondoa makundi 11 ya kemikali ifikapo 2020. Novemba 2011 chapa sita zilitoa ramani ya pamoja iliyozaa mpango wa ZDHC (wa kutomwaga kabisa kemikali hatari), ambao una orodha ya kemikali zisizoruhusiwa kiwandani na viwango vya majitaka.

Kwa maoni yetu orodha hiyo ndiyo tunda kubwa kuliko ahadi. Meneja wa kiwanda anayepuuza mkaguzi wa wilaya hampuuzi mnunuzi anayechukua nusu ya mzigo wake. Lakini angalieni udhaifu wake: unafanya kazi pale tu mnunuzi ana jina la kulinda. Kiwanda kinachotia rangi vitenge kwa soko la ndani hakina wa kumpigia simu.

Mbinu ya pili ni ya Ma Jun, mwanahabari wa zamani aliyeanzisha taasisi ya IPE mjini Beijing mwaka 2006. Hakuchota maji. Alikusanya rekodi za serikali yenyewe za viwanda vilivyokwisha kukutwa na makosa, akaziweka kwenye ramani kila mtu azione, kisha akaziandikia chapa: muuzaji wenu huyu yumo, mnasemaje? Faida yake ni kwamba hakuna wa kubishana na maabara. Serikali imekwisha sema.

Kwa wasomaji wa Kenya: viwanda vingi vya EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) kule Athi River hukata na kushona vitambaa vilivyotiwa rangi nchi nyingine. Kabla ya kuandamana, hakikisheni kama kuna idara ya maji, yaani kupausha, kutia rangi au kufua jinzi. Msije mkapiga kelele kwenye geti la cherehani wakati maji yanatoka jirani.

*Kwenda mahakamani kunasaidia?*
*Msomaji, Kisumu*

Kunasaidia zaidi ukishambulia kibali kuliko ukidai fidia. Huko Rancaekek, Java Magharibi, nchini Indonesia, viwanda vya nguo vilimwaga majitaka kwenye Mto Cikijing, unaoishia kwenye bonde la Citarum, na mashamba ya mpunga yakaharibika. Muungano wa wanaharakati na wanasheria, tawi la huko la Walhi, shirika la mazingira la Indonesia, na Greenpeace wakiwemo, haukuanza kwa kuthibitisha ni kiwanda gani kiliua shamba gani. Ulipinga vibali vya kumwaga majitaka vya viwanda vitatu, vilivyotolewa na mkuu wa wilaya ya Sumedang. Tarehe 24 Mei 2016 mahakama ya utawala ya Bandung iliamua vibali vifutwe. Hoja kuu: serikali ilitoa ruhusa bila kupima mto unaweza kubeba uchafu kiasi gani.

Kwenu Kenya, ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inasema mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kufungua shauri kuilinda. Anzeni na ombi la taarifa kwa maandishi: nakala ya kibali cha kumwaga majitaka, masharti yake, na ripoti za vipimo zilizowasilishwa. Sheria ya kupata taarifa ya Kenya ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu. Ya Tanzania, ya mwaka huohuo, siku 30. Kenya kibali kiko NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Tanzania ulizeni bodi ya maji ya bonde pamoja na NEMC, msimamizi wa mazingira wa taifa. Kiwanda kikiwa kimeungwa kwenye bomba la majitaka la mji, ulizeni mamlaka ya maji. Wakijibu kwamba hakuna kibali, kesi yenu imekuwa fupi.

*Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda hichohicho tunachokilalamikia. Kikifungwa tutakula nini?*
*Mama wa watoto watatu, hakutaja mji*

Dada, hofu yako ina msingi. Tirupur, kusini mwa India, wakulima wa Mto Noyyal walishinda kesi. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi, zaidi ya 700, vifungwe hadi visitoe tone la majitaka nje. Wafanyakazi wengi walikosa kazi. Vilivyofunguliwa tena vilifunga mitambo ya kuchuja kwa utando na kuchemsha maji hadi ibaki chumvi, gharama kubwa ya umeme, na hadi leo kuna chumvi yenye sumu isiyo na pa kwenda.

Kikundi chenu kiombe amri ya kurekebisha yenye tarehe, si kufunga: tangi la kusawazisha lenye ukubwa wa kutosha, bomba la pembeni lizibwe kwa zege, kipimo cha mtiririko chenye kumbukumbu, sabuni ya NPE ibadilishwe. Mbili za mwisho hazisimamishi kazi hata siku moja. Na mumeo asiombwe kutoa siri za kiwanda. Daftari la nje ya uzio linatosha.

*Mimi natengeneza batiki nyumbani. Maji ya rangi nayamwaga wapi?*
*Msomaji, Bagamoyo*

Usimwage mtoni wala karibu na kisima. Ukitumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosulfaiti, kosa la hatari ni kutia siki au ndimu mara tu unapomaliza: haidrosulfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa inayokaba mapafu. Acha maji kwenye beseni pana, nje, usiku kucha, ukiyakoroga mara kadhaa. Hewa huimaliza haidrosulfaiti na rangi hujitenga na kutua chini. Asubuhi chuja kwa kitambaa kizito, kisha ndipo utie siki kidogokidogo hadi karatasi ya pH isome 7 au 8. Maji yaende kwenye shimo la kunyonya lililo mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Tope likaushe, ulichanganye na saruji. Nta inayoelea wakati wa kuchemsha kitambaa iache ipoe, uikusanye uitumie tena.

*Nikifua nguo mpya kabla ya kuvaa, naondoa hizo kemikali?*
*Msomaji, Arusha*

Ngozi yako inafaidika kidogo, mto haufaidiki: NPE inayotoka kwenye beseni lako inakwenda kwenye mfereji uleule. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, hauruhusu kuuza nguo za kufulika zenye NPE ya miligramu 100 au zaidi kwa kilo.